Ghala Lililoishika Nyumba Yetu

Chokaa ya zamani ikirowa mvua ina harufu yake. Si kama harufu ya saruji, ambayo ni kavu na inapotea upesi. Hii ni nzito, kama ya chungu kipya kinachotiwa maji mara ya kwanza, na ndani yake mna kitu cha chumvi. Wageni wanaopita vichochoro vya Mji Mkongwe wakati wa masika husimama wakaivuta na kusema inapendeza. Mimi huziba pua kwa ncha ya mtandio nikaongeza mwendo. Mara ya kwanza kuivuta harufu hiyo kwa wingi nilikuwa mtoto wa miaka kumi au karibu yake, nimesimama mvuani upande wa mashamba, nikiwatazama baba yangu na majirani wakiondoa mawe kwa mikono ndani ya chumba cha bibi yangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, katikati ya mikarafuu na minazi, mbali na Darajani mjini kwa mwendo wa asubuhi nzima kwa gari la punda. Aliijenga tajiri mmoja wa karafuu, zamani sana, naye akaondoka na zama zake. Baada ya Mapinduzi babu, aliyekuwa mchumaji wa karafuu shambani hapo hapo, akapewa eka zake na ruhusa ya kukaa ndani ya nyumba, na watu wakazoea kuiita kwa jina lake. Kuta zake zilikuwa nene hata nikilala kifudifudi dirishani, kichwa upande wa nje, miguu yangu ilibaki yote juu ya ukuta. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko zilizobeba dari zina kimo chake, na mafundi wa zamani walikata chumba kwa kadiri ya mti, hawakukikata kwa tamaa ya mwenye nyumba. Ukutani mlikuwa na madaka, yamechongwa juu kwa mviringo. Bibi aliweka Msahafu katika daka la juu, kibatari katika la kati, na la chini akaniachia mimi niweke kete zangu. Mchana wa jua kali, nje mbuzi wakihema, ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi.

Nyuma ya nyumba, ubavu kwa ubavu, palikuwa na ghala. Nusu yake ilikuwa ya kuwekea karafuu na mbata, na nusu ya pili zizi, ambalo tajiri alifugia punda wake na Bibi akafuga ng'ombe. Kati ya nyumba na ghala palikuwa na ukuta mmoja tu, wa pamoja, na mlango mdogo wa mti wa mfenesi, ili wakati wa mvua mtu aweze kwenda kutazama mali yake bila ya kurowa. Madirisha ya ghala yalikuwa matundu tu, juu karibu na paa, na jua la asubuhi likiingia lilishuka kwa vipande vipande juu ya migongo ya ng'ombe. Mavuno yalikuwa haba siku hizo, lakini karafuu za miaka ziliingia katika sakafu yenyewe. Ukimwaga maji, zinanukia. Sakafu ile ilikuwa ya chokaa iliyopigwa kwa magogo na wanawake, wamejipanga safu, wakiimba, siku baada ya siku mpaka inashikana kama jiwe. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo wazee wengine walipoendelea kusema nyumba ya tajiri fulani, Bibi alikuwa akicheka kidogo na kusema, "Jina lake, mkono wa mama yangu."

Jambo jingine tulilijua sote, na kwa sababu tulilijua sote hakuna aliyelifikiria. Nyumba ilikaa juu ya mteremko, na ghala lilikuwa upande wa chini. Nyumba ililiegemea ghala. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenza, alikuwa akinishika begani tukitoka kukamua, akaniambia, "Nyumba hii inavyolishika ghala, ndivyo mie nnavyokushika wewe. Ukinitoroka nnaanguka." Kisha anacheka, na mimi najifanya ninamtoroka.

Babu alipofariki, mali ikagawiwa kwa sheria. Hakukuwa na ugomvi siku ile. Nakumbuka walikula pilau pamoja barazani. Baba yangu, Shaaban, aliyekuwa mkulima na hajapata kuishi pengine, alipata nyumba. Kaka yake, Ba Mkubwa Makame, aliyekuwa akifanya kazi bandarini mjini, alipata ghala na minazi ya upande wa barabara. Bibi, kama mjane, alipata thumuni yake, sehemu moja ya nane, na wanawe wakakubaliana iwe chumba cha nyuma cha nyumba, kile ambacho ukuta wake ndio ule ukuta wa pamoja. Bibi aliridhika. Ng'ombe wake walikuwa nyuma ya mlango, na maziwa yao ndiyo yaliyomnunulia kanga na sukari bila ya kumwomba mtu.

Sitaki kumfanya Ba Mkubwa Makame kuwa shetani. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kikohozi, na kila akija shamba alituletea halua iliyofungwa ndani ya kikapu cha ukindu. Mjini alikaa katika vyumba viwili vya kukodi mtaa wa Ng'ambo, na watoto tele, na mwenye nyumba aliyemtaka ahame. Alikuwa amepata kiwanja karibu na Mwanakwerekwe, wakati huo pakiwa bado pori na mihogo. Saruji ilikuwa haipatikani ila kwa kujuana. Akawa na kiwanja hana cha kujengea, na shamba ana ghala la mawe ambalo ndani yake wanalala ng'ombe wa mama yake.

Siku aliyokuja kulisema, nilikuwa nimekaa ukumbini nikimsaidia Bibi kuchagua mchele. Alisema akiwa amesimama, kama mtu anayejua akikaa hatasema.

"Mama, mimi ntalivunja ghala. Nnataka mawe."

Bibi hakuinua uso kutoka katika ungo. "Na ng'ombe?"

"Shaaban atawafanyia banda."

"Na nyumba itaegemea nini, Makame?"

"Ukuta wa kati ntauacha, Mama. Sitaugusa. Mimi nnachukua kilicho changu tu."

Ndipo Bibi akamwita baba, naye akaitika "Naam" kutoka uani akaingia na mikono yenye udongo. Bibi akamwambia maneno ambayo nimeyarudia moyoni mwangu mara nyingi kuliko dua. "Shaaban, nduguyo hana pa kukaa. Mpe vyumba viwili vya mbele, naye akuachie ghala lisimame. Watoto watacheza pamoja. Mie ntakufa na nyumba yenu ni moja."

Baba aliosha mikono polepole. Nilimwona akimtazama kaka yake, na kaka yake akimtazama yeye kwa matumaini. Naapa yalikuwa matumaini. Kisha baba akasema, "Mama, sheria imeshagawa. Mimi sikwenda kwake kuomba ghala, na yeye asije kwangu kuomba nyumba. Kila mtu na lake."

"Sikuomba nyumba," Ba Mkubwa akasema.

"Basi vunja chako."

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, maana watapatana tu. Nimelima mpaka nimezeeka sijawaona wale wawili wakipatana.

Kiangazi kile ghala likavunjwa. Walikuja vijana wa kukodi na mitaimbo, wakaanza na paa, wakashusha boriti moja moja na kuzipanga kama maiti. Kisha wakaingia kwenye kuta. Sisi watoto tulidhani ukuta wa mawe ni mawe matupu. Kumbe fundi wa zamani aliweka mawe nje na ndani, na katikati akajaza udongo mwekundu na kokoto, halafu akaufunika wote kwa chokaa kama anayefunika chungu. Mtaimbo ukishatoboa chokaa, udongo unamwagika wenyewe. Sakafu ndiyo iliyowashinda. Waliipiga siku nzima, wakaiacha na nyufa. Bibi alikaa chumbani kwake siku zote zile, na kila pigo lilipopiga upande wa pili, chokaa laini ilimwangukia juu ya kanga. Hakulia. Alikuwa akipangusa tu. Baba alikaa barazani mbele, akisuka kamba asizozihitaji, na wala hakugeuka nyuma kutazama. Angesema neno moja wakati huo, hata la kuomba nguzo mbili ziachwe, nafikiri Ba Mkubwa angeziacha. Hakusema. Na Ba Mkubwa naye, siku ya mwisho gari la mawe lilipojaa, alikuja kumuaga mama yake, akambusu mkono, akasema, "Ukuta wako huo, Mama. Sikuugusa."

Ni kweli hakuugusa. Ulibaki peke yake, umesimama uchi, mlango wa mfenesi ukifungukia nje kwenye jua. Lakini juu yake paa lilikuwa limekatwa, na kichwa cha ukuta kilikuwa wazi kikionesha udongo wake. Mama yangu alimwambia baba apande akakifunike hata kwa makuti. Baba akajibu kwamba ni ukuta wa mama yake, na aliyeuvua nguo ndiye atakayeuvisha. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua methali ya ufa na ukuta. Sisi tulilala ndani yake, tukaamka ndani yake, tukaona ufa ukishuka kutoka darini hadi kwenye daka la Msahafu, mwembamba kama uzi, kisha kama kidole, na wanaume wawili wazima wakingojeana nani aanze.

Masika yakaingia kwa nguvu. Bibi akaambiwa ahamie chumba cha mbele, akakataa. Alisema hiyo ndiyo haki aliyopewa na Mungu katika nyumba ile, na akihama hata kwa siku moja, wanawe watapata kitu kingine cha kugawana. Alasiri moja nilikuwa nje, chini ya banda la makuti, nimemshikia ndama kamba. Mvua ilikuwa imepungua. Sikusikia mshindo. Nilisikia kitu kama mtu mkubwa anayepumua, kisha nikauona ukuta ukikaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka, na boriti za dari zikatoka katika mashimo yake na kuufuata. Halafu harufu ile ya chokaa ikapanda. Nilipiga kelele jina la Bibi. Majirani walikuja wakikimbia kutoka mashambani, wengine na majembe, lakini baba hakutaka jembe, alifukua kwa kucha, akilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume, akisema, "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe."

Walimtoa hai. Boriti moja ilikuwa imelala juu ya kitanda chake na kuzuia mawe, lakini nyonga yake ilikuwa imevunjika. Hospitali ya mjini walimfunga plasta, wakamweka kwa muda, kisha wakaturudishia. Nyumba ilikuwa haikaliki tena. Nusu ya paa imekwenda na ufa umefika mbele. Tukahamia kibanda cha udongo alichotuazima jirani. Na hapo, baba aliyelia "nisamehe" akageuka. Sikuona siku wala saa aliyogeuka, niliona tu kwamba alikuwa halii tena, na kila aliyekuja kumtazama mgonjwa alimwambia, "Mnaona Makame alichomfanyia mamake?" Maneno hayo yalimponya yeye. Yalimponya mpaka akasahau vyumba viwili vya mbele.

Ba Mkubwa Makame alikuja asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, na kikapu chake cha halua mkononi. Baba akamzuia mlangoni. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwenye mkeka, nikimpepea Bibi. Nilimsikia Ba Mkubwa akisema, "Shaaban, nipishe nikamwone mama." Na baba akisema, "Huna mama hapa. Mama yako umempakia garini." Kisha tukasikia kikohozi kikienda mbali.

Bibi akafumbua macho. "Alikuwa nani?"

"Ba Mkubwa, Bibi. Keshakwenda."

Alitazama makuti ya paa kwa muda. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa wazi, na alinishika mkono ili nisiyaache. "Salma, mke mwenza. Mwambie Makame radhi yangu anayo. Mawe si kitu. Mwanangu alikuwa hana nyumba. Mwambie asiishi na hofu ya laana yangu. Umesikia? Nenda kamwambie."

Nilitoka mbio. Nilimkuta baba uani, amesimama anaangalia njia, na Ba Mkubwa bado alikuwa akionekana kwa mbali, baina ya minazi. Nikamwambia baba aliyoyasema Bibi, nikiwa na haraka, nikitaka anipishe nikimbie. Baba akanishika bega. Hakunishika kwa nguvu.

"Hukusikia kitu," akasema.

"Nimesikia, Baba. Kaniambia niende."

"Ukimpelekea maneno hayo, na mimi sina radhi nawe. Duniani wala akhera."

Kwa asiyelelewa kwetu, hayo ni maneno tu. Kwetu radhi ya mzazi ni dari; ukiikosa, kila unachojenga kinaingiwa na mvua. Nikiwa na umri ule nilibeba radhi mbili zilizokuwa hazikai pamoja, ya bibi iliyotaka nikimbie na ya baba iliyotaka nisimame. Nikasimama. Ba Mkubwa akapinda penye kona.

Bibi alifariki kabla ya masika kwisha. Hakuniuliza kama nilikwenda. Nadhani aliamini nimekwenda. Wanawake kwetu hatufuatani na jeneza, lakini habari ilirudi nyumbani kabla wanaume hawajarudi: Ba Mkubwa alipotaka kushuka kaburini kumpokea mama yake, baba alimwekea mkono kifuani mbele ya watu wote, akashuka yeye na jirani. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walikutana misikitini, walikutana kwenye harusi za watu, walikutana sokoni Darajani mbele ya meza moja ya samaki, na kila mmoja akampa salamu muuza samaki.

Nimeishi mjini miaka mingi sasa, nashona nguo, na mara nyingi nimepita mbele ya nyumba ya Ba Mkubwa nikienda sokoni Mwanakwerekwe. Unaitambua mbali. Mawe yalimtosha mpaka chini ya madirisha, na kuanzia hapo kwenda juu ni matofali. Nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Na shamba nalo nililitembelea, si zamani. Mikarafuu imekatwa. Aliyenunua amejenga nyumba za kukodisha wageni, za matofali, akazipaka rangi ya kizamani na kuzitia madaka ya urembo yasiyoingia hata kikombe. Kijana wa pale, mwenye adabu, alinionesha kichuguu cha mawe nyuma ya bwawa la kuogelea, akaniambia pana gofu la nyumba ya zamani na kwamba halijakaliwa na watu tangu enzi za wenye shamba wa mwanzo. Nikamwambia ahsante. Chini ya majani nilikanyaga kipande cha ile sakafu, bado kigumu.

Baba alifariki mwaka jana. Nilimuuguza mimi, nikamwosha miguu, na nilingoja. Nilifikiri mtu akikaribia mauti, hufungua mkono. Jioni moja nikathubutu: "Baba, yale maneno ya Bibi nimpelekee Ba Mkubwa?" Akageuza uso ukutani. Basi nikangoja mpaka eda ya mama ikaisha, nikavaa, nikavuka barabara ile.

Ba Mkubwa alikuwa kitandani, mwembamba, macho yameingia ukungu, lakini akili yake timamu. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza nani.

"Salma. Wa Shaaban."

"Shaaban," akasema. "Nlisikia siku ya pili yake. Nlimswalia hapa hapa kitandani."

Nikamwambia. Nilimwambia maneno ya Bibi kama yalivyokuwa, bila ya kuongeza, na aliniambia niyarudie, nikayarudia. Midomo yake ilikuwa ikifuata yangu.

"Alisema siku gani?"

"Siku ile uliyokuja na halua. Ulikuwa bado njiani nakuona."

"Nlikuwa bado njiani," akasema. Kisha akafunika uso kwa shuka, mtu mzima yule, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alipoufunua akaniuliza, "Na ndugu yangu? Alipokuwa anakwenda, hakusema kitu juu yangu?"

Ningeweza kudanganya. Uongo wa kupatanisha watu tumefundishwa kwamba hauna dhambi. Lakini nilikuwa nimechoka kushikilia maneno ya baba.

"Hakusema, Ba Mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimsalimie Riziki, binti yake, kabla sijaondoka. Nilitoka uani nikidhani nitamkuta jikoni, nikakuta ukuta. Watoto wa Ba Mkubwa walishagawana nyumba baba yao akiwa hai, wakapandisha matofali katikati ya ua, hata mlango hawakuuacha. Ikanibidi nitoke hadi barabarani, nizunguke duka la simu, niingie kwa upande wa pili. Riziki alikuwa akikaanga sambusa. Alifurahi kuniona, akanipangusia kigoda, na kabla sijakaa akaniuliza kwa sauti ya chini, akiuashiria ukuta kwa kijiko:

"Umetoka huko? Hebu niambie, baba anaendeleaje?"